MASHINE NDANI YA MASHINE: HISTORIA YA UIGAJI WA KOMPYUTA NA HIFADHI YA DATA ZA LUGHA ZA KWALE

1.0 Utangulizi

Mwaka 1850 J. L. Krapf alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki. Miongoni mwake ilikuwamo lugha aliyoiita Kinika, yaani lugha ya watu tunaowaita leo Wamijikenda. Kitabu hicho kingali chasomeka, wala msomaji wake hahitaji chombo chochote zaidi ya macho yake na nuru ya kutosha. Hebu sasa tumfikirie mtafiti aliyefika Msambweni au Diani mnamo mwaka 1990 akiwa na kompyuta ndogo, akakusanya maneno elfu mbili ya Chidigo na kuyahifadhi katika disketi. Disketi hiyo ikiletwa leo mbele ya mwanafunzi wa isimu, huenda asiweze kusoma hata neno moja. Hatakuwa na mahali pa kuitia. Na akipata mahali, kompyuta yake itaikataa programu iliyoyaandika maneno yale. Na akiyafungua maneno yenyewe bila ya programu ile, atakuta herufi zilizoharibika.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya njia moja iliyobuniwa na mafundi wa kompyuta ili kulikabili tatizo hili, nayo ni njia ya kuifanya mashine mpya iige mwenendo wa mashine ya kale. Baada ya historia hiyo tutaitazama kazi ya kuandika lugha za Kwale, na kuonyesha ni kitu gani hasa kinachopotea pale mashine ya kale inapotoweka. Hoja yetu ni kwamba data ya lugha ina sehemu mbili: yale yaliyoandikwa, na kanuni za kuyasoma. Wengi wetu tumeishughulikia ile ya kwanza tu. Uigaji wa mashine unaihifadhi na ile ya pili.

2.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kuendelea yafaa tukubaliane juu ya maneno. Kitenzi kuiga maana yake ni kufanya kama afanyavyo mwingine. Kitenzi kuigiza, chenye kiambishi cha usababishi, kimekwisha kushikamana na jukwaa la maigizo, na kukitumia hapa kungemfanya msomaji afikirie mchezo. Kwa sababu hiyo tutatumia uigaji kwa tendo lenyewe, na kiigaji kwa programu ifanyayo tendo hilo, tukifuata ruwaza ileile iliyotupatia neno kichakataji, yaani kile kiungo cha kompyuta kinachotekeleza amri.

Kila jamii ya vichakataji ina orodha yake ya amri, na kila amri huwakilishwa kwa namba. Programu si kitu kingine ila ni mfululizo mrefu wa namba hizo. Namba ambayo kwa kichakataji kimoja ni amri ya kujumlisha, kwa kichakataji cha jamii nyingine yaweza kuwa amri ya kusimama, au isiwe na maana yoyote. Basi mtu anapobadilisha mashine, ana njia tatu za kuiokoa programu yake. Aweza kuiandika upya tangu mwanzo. Aweza kuitafsiri, yaani kuzigeuza amri zake zote mara moja ziwe amri za mashine mpya. Au aweza kuiacha kama ilivyo, na badala yake kuifunza mashine mpya kujifanya ile ya kale: kuisoma kila amri ya zamani, kuitambua, na kutenda kile ambacho mashine ya zamani ingetenda. Njia hii ya tatu ndiyo uigaji. Programu haiguswi, wala, kwa namna ya kusema, haina habari kwamba imehamishwa nyumba.

3.0 Historia kwa Muhtasari

3.1 Mwanzo wa wazo na mwanzo wa kazi

Msingi wa kinadharia uliwekwa na mwanahisabati Mwingereza Alan Turing mwaka 1936, kabla ya kuwapo kompyuta tuzijuazo. Alithibitisha kwamba yawezekana kuwaza mashine moja itakayofanya kazi ya mashine nyingine yoyote ya aina yake, mradi ipewe maelezo ya mwenendo wa mashine hiyo. Uigaji wote uliofuata ni utekelezaji wa wazo hilo.

Haja ya kulitekeleza ilitoka sokoni. Mwaka 1959 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta iitwayo 1401, ambayo iliuzwa kwa maelfu na kutumiwa kwa mishahara, hesabu za benki na orodha za bidhaa. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni hiyohiyo ilitangaza jamii mpya ya mashine, System/360, ambazo amri zake zilikuwa tofauti kabisa. Wateja walikuwa na programu walizozigharamia kwa miaka mingi, na mshindani alikuwa mlangoni: mnamo Desemba 1963 kampuni ya Honeywell ilikuwa imetangaza mashine yake ya 200 pamoja na programu iliyoitwa Liberator, yaani mkombozi, ambayo ilizigeuza programu za 1401 ziwe za Honeywell. Honeywell walichagua tafsiri. IBM walijibu kwa uigaji: ndani ya baadhi ya mashine za 360 waliweka amri ndogo ndogo za siri zilizokiwezesha kichakataji kipya kutenda kama 1401. Neno la Kiingereza kwa chombo cha namna hiyo lilibuniwa na wahandisi wa IBM wenyewe mwaka 1963.

Yafaa tulizingatie jambo moja katika kisa hiki. Uigaji ulizaliwa kwa sababu waliokuwa na programu za kale walikuwa na fedha na waliweza kutishia kuondoka. Tutalirudia jambo hili.

3.2 Kompyuta ndogo

Mwaka 1978 kampuni ya Intel ilitoa kichakataji 8086 cha biti 16, na mwaka 1981 ndugu yake, 8088, akawekwa ndani ya kompyuta ndogo ya IBM. Mashine za jamii hiyo, zikiendeshwa kwa mfumo wa DOS, ndizo zilizowafikia watafiti wengi wa lugha katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1985 kichakataji 80386 kilitoka kikiwa na hali maalumu ya kujigawa, kila sehemu ikajifanya 8086. Kwa hiyo kwa muda wa miaka karibu ishirini programu za zamani ziliendelea kutumika, na watumiaji hawakuona sababu ya kuwa na wasiwasi.

Mambo yalibadilika mwaka 2003 kampuni ya AMD ilipoleta vichakataji vya biti 64 vya jamii hiyo. Kikifanya kazi katika hali yake ya biti 64, kichakataji hicho hakina tena ile nafasi ya kujifanya 8086, na matoleo ya Windows ya biti 64 hayakubali programu za biti 16. Mtumiaji hupewa taarifa fupi kwamba programu haiwezi kuendeshwa, basi.

Kwa upande wa kompyuta za Macintosh, kuhama kumetokea mara kadhaa, na kila mara Apple waliweka daraja. Walipohama kutoka vichakataji vya Motorola 68000 kwenda PowerPC mwaka 1994, mashine mpya ziliziiga za zamani. Walipohamia Intel mwaka 2006 waliweka programu iliyoitwa Rosetta, wakaiondoa mwaka 2011. Na walipohamia vichakataji vyao wenyewe mwaka 2020 waliweka Rosetta ya pili. Jina lenyewe ni la jiwe maarufu la Misri lenye maandishi ya namna tatu. Msomaji ataona kwamba daraja hizi hujengwa kwa ajili ya msafara mmoja, na msafara ukishapita huvunjwa.

3.3 Uigaji kama njia ya hifadhi

Mwaka 1995 mtaalamu wa Marekani, Jeff Rothenberg, alitoa makala mashuhuri akionya kwamba hati za kompyuta hazidumu, na akapendekeza uigaji uwe njia ya kuzihifadhi kwa muda mrefu. Uingereza ilitoa mfano ulioeleweka na wote. Mwaka 1986 shirika la BBC liliadhimisha miaka 900 ya Domesday, ile sensa kuu ya mfalme William, kwa kutengeneza sensa mpya katika diski za leza. Haikupita miaka 20, diski hizo zikawa hazisomeki kwa mashine za kawaida, ilhali kitabu cha mwaka 1086 kingali chasomwa. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha kwamba mfumo huo waweza kufufuliwa kwa kuiiga ile kompyuta ya BBC.

Mwaka huohuo wa 2002 kilitolewa kiigaji kiitwacho DOSBox. Chenyewe hutengeneza, kwa programu tupu, mashine nzima ya kizamani: kichakataji, kumbukumbu, kioo na hata sauti. Kwa kuwa hakitegemei hisani yoyote ya kichakataji cha kweli, hufanya kazi juu ya Intel, juu ya vichakataji vipya vya Apple, na juu ya vingine. Waliokitunga hawakuwa wakifikiria lugha za Kibantu. Walitaka kucheza tena michezo ya kompyuta ya ujana wao. Lakini mlango waliowafungulia wapenda michezo ndio uleule ambao mwanaisimu aweza kupitia.

4.0 Lugha za Kwale na Vyombo vya Kuziandikia

Kwale ni mahali pazuri pa kulipimia suala hili, kwa kuwa katika eneo dogo pana lugha na lahaja zilizo karibu sana kiasi kwamba tofauti ndogo ya sauti ina uzito mkubwa kwa mwanahistoria wa lugha. Chidigo huzungumzwa kutoka Likoni hadi ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Chifundi ni lahaja ya Funzi na vijiji vya pwani kusini ya Msambweni. Chivumba ni lahaja ya Wasini na Vanga. H. E. Lambert alichapisha maelezo ya Kivumba mwaka 1957 na ya Chifundi mwaka 1958. Charles Kisseberth alichapisha uchambuzi wa toni za Chidigo mwaka 1984. Derek Nurse na Martin Walsh waliandika mwaka 1992 juu ya Chifundi na Vumba, na mwaka uliofuata Nurse na Thomas Hinnebusch wakatoa kitabu chao kikubwa juu ya historia ya Kiswahili na lugha za Sabaki. Mwaka 2004 ilitoka kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato, iliyotungwa na Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu.

Kazi za Lambert ni za zama za taipureta. Kufikia wakati wa Mgombato watungaji wa kamusi ulimwenguni kote walikuwa wamezoea programu za kompyuta, na mojawapo iliyoenea zaidi ilikuwa Shoebox, iliyotengenezwa na shirika la SIL. Ilianza katika DOS mwishoni mwa miaka ya 1980, ikahamia Windows na Macintosh katika miaka ya 1990, kisha ikarithiwa na Toolbox. Jina lake lilitokana na boksi la viatu, ambamo wanaisimu wa zamani walizoea kupanga vikadi vyao vya maneno. Nani kati yetu aliyefanya kazi ya kamusi asiyelijua boksi hilo?

Ndani ya Shoebox kila kidahizo kiliandikwa kwa mistari yenye alama. Mstari wa \lx ulibeba neno lenyewe, wa \ps aina ya neno, wa \ge maana kwa Kiingereza, na wa \gn maana kwa lugha ya taifa, ambayo kwetu ni Kiswahili. Faili la namna hii ni maandishi ya kawaida. Hata programu ikifa, mtu aweza kulifungua kwa njia nyingine. Hii ilikuwa busara kubwa ya watengenezaji wake. Ndiyo sababu baadhi ya wenzetu husema kwamba uigaji hauna haja: maandishi yapo, yahamishwe tu.

5.0 Kinachopotea

Hoja ya wenzetu hao ina nguvu, lakini tuijaribu kwa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa mpangilio wa maneno. Katika tahajia ya Chidigo herufi mbili ph huwakilisha sauti moja ya midomo miwili, kama katika kuphiya, yaani kwenda. Mtunzi wa kamusi hana budi kuamua: je, ph ni herufi inayojitegemea yenye nafasi yake katika alfabeti, au ni p inayofuatwa na h? Vivyo hivyo kwa ch, dz, ts na ng'. Shoebox ilimruhusu mtumiaji kutoa uamuzi wake juu ya kila sauti, na uamuzi huo haukuandikwa ndani ya faili la maneno, bali katika faili jingine la maelezo ya lugha. Mwenye kuhamisha maneno peke yake, bila ya faili hilo, anaiacha nyuma nadharia nzima ya mtunzi kuhusu mfumo wa sauti za lugha. Atapata maneno yote, na hatajua yalipangwaje wala kwa nini.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tofauti na Kiswahili sanifu, Chidigo ni lugha ya toni. Uchambuzi wa Kisseberth ulionyesha kwamba toni ya juu inayotoka katika kiambishi cha mwanzo yaweza kusikika mwishoni mwa neno, mbali na asili yake. Alama ya toni katika neno la Chidigo, kwa hiyo, ndiyo ushahidi wenyewe. Sasa, katika jedwali la kawaida la herufi za DOS, á ilihifadhiwa kwa namba 160, í kwa 161, ó kwa 162, ú kwa 163, na é kwa 130. Katika jedwali la Windows la nchi za Magharibi namba 160 ni nafasi tupu, 161 ni alama ya mshangao iliyopinduliwa, 162 ni alama ya senti, 163 ni alama ya pauni ya Uingereza, na 130 ni alama ya kunukuu iliyo chini ya mstari. Faili lililoandikwa katika DOS likifunguliwa ovyo katika Windows, kila í yenye toni ya juu itageuka mshangao, na kila ú itageuka pauni. Hizo angalau zitamshtua msomaji. Hatari kubwa ni ile á, kwa sababu hutoweka na kuacha pengo, na neno moja likaonekana kama maneno mawili. Msahihishaji mwenye bidii, akidhani ni kosa la upigaji chapa, ataziba pengo au kuyatenganisha maneno, na hapo ushahidi utakuwa umekwisha.

Ndani ya kiigaji jambo hili halitokei. Mashine ya kuigwa huja na jedwali lake la kale la herufi, na namba 160 huonekana á kama ilivyoonekana siku mtafiti alipoiandika. Tunachokipata hapo ni shahidi wa kulinganisha naye: tunaweza kuweka nakala iliyohamishwa upande mmoja, na programu ya kale inayoendeshwa upande wa pili, tukakagua neno kwa neno.

Pwani yetu si ngeni kwa tatizo hili. Tenzi na barua za Waswahili ziliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, ambazo katika matumizi ya kawaida hazikutofautisha baadhi ya sauti za Kiswahili. Msomaji mwenye lugha alizijaza mwenyewe. W. E. Taylor alipotaka kuyapata mashairi ya Muyaka mjini Mombasa, hati peke yake hazikumtosha. Alihitaji msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu aliyejua namna ya kuzisoma. Hati iliyohamishwa kwenda herufi za Kirumi imeshabeba uamuzi wa mhamishaji katika kila silabi, na ndiyo maana mhakiki makini hurudi kwenye hati ya asili. Programu ya kale ni kama yule msomaji. Tofauti ni kwamba yeye, akishakufa, harudi.

6.0 Mipaka ya Uigaji

Haifai kuutukuza uigaji kupita kiasi. Kwanza, hauwezi kuokoa disketi iliyoharibika. Joto na unyevu wa pwani ni adui wa sumaku kama ulivyo adui wa karatasi, na kazi ya kunakili disketi hutangulia kazi nyingine zote. Pili, kiigaji chenyewe ni programu, nacho kinahitaji kutunzwa kadiri mashine zinavyobadilika. Tofauti ni kwamba kukitunza kiigaji kimoja ni kuzitunza programu elfu zinazokitegemea. Tatu, data iliyofungwa ndani ya mashine ya kuigwa haiwezi kutafutwa, kulinganishwa wala kuchapishwa kwa urahisi pamoja na data nyingine. Kwa kazi ya kila siku, kuihamisha kwenda Unicode, jedwali la pamoja la herufi lililoanza kutolewa mwaka 1991, hakuna mbadala. Nne, programu nyingi za kale zina wenyewe, na ruhusa ya kuzinakili ni lazima iangaliwe.

Basi uhamishaji na uigaji havishindani. Uhamishaji huifanya data itumike. Uigaji huifanya ithibitike.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba uigaji ulianza mwaka 1964 kwa ajili ya wenye mishahara ya kulipa, ukaendelezwa na makampuni kwa muda ule tu uliowafaa, na ukafikishwa mikononi mwa watu wa kawaida na wapenda michezo. Katika historia hiyo yote hakuna aliyejenga daraja kwa ajili ya Chidigo, Chifundi wala Chivumba, na hakuna atakayejenga. Wasemaji wa Funzi na Wasini hawana soko la kumtishia nalo mtengeneza kompyuta. Wajibu huo umebaki kwa idara zinazofundisha lugha hizi.

Tunapendekeza, kwa hiyo, mambo manne. Kila idara yenye disketi za utafiti wa miaka ya 1980 na 1990 izinakili nzima, si maneno yake tu, bali pamoja na programu, fonti na mafaili ya maelezo ya lugha. Nakala hizo ziendeshwe ndani ya kiigaji na kukaguliwa na mzungumzaji wa lugha husika, hasa pale penye toni. Ndipo zihamishwe kwenda Unicode, na kila uamuzi wa uhamishaji uandikwe. Mwisho, matokeo yapigwe chapa katika karatasi na nakala ziwekwe Kwale kwenyewe, ili mtoto wa Msambweni atakayetaka kujua nyanya yake alilitamkaje neno asilazimike kwenda kulitafuta ng'ambo. Kazi ya kwanza ni ya siku chache kwa disketi zilizo nzima. Kwa zile zinazoota ukungu kabatini, kila msimu wa mvua unaopita huipunguza.